Familia Moja Iliyotawanyika Katika Oda Nne: Uchambuzi wa Kisa cha Rafflesia

Mwaka 1818, katika msitu wa Bengkulu upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Sumatra, daktari Joseph Arnold, aliyekuwa akisafiri pamoja na Stamford Raffles, mtawala wa Kiingereza wa Bengkulu, alionyeshwa na mtumishi wa Kimalei ua lililokaa juu ya ardhi likiwa na upana wa karibu mita moja, bila shina na bila jani hata moja. Arnold alifariki kwa homa mwaka huohuo. Vielelezo vilivyofika London vilichambuliwa na mtaalamu wa mimea Robert Brown, ambaye maelezo yake yaliuweka mmea huo katika vitabu vya sayansi kwa jina la Rafflesia arnoldii, kwa kuwaenzi watu hao wawili. Pamoja na jina likaja swali ambalo mtaalamu wa uainishaji hulazimika kuliuliza mbele ya kila mmea mgeni: huu ni wa familia gani, na ndugu zake wa karibu ni mimea ipi? Jibu linalokubalika leo lilitolewa mwaka 2007, karibu miaka 190 baada ya siku ile ya msituni.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ndani yake maumbile yalipotosha, DNA nayo ikapotosha, na bado ukweli ukapatikana kwa kutumia maumbile na DNA hizohizo. Mara nyingi husimuliwa kama kisa cha jeni kuyashinda maumbile. Sikubaliani na masimulizi hayo. Kilichotatua jambo ni kuuliza, kuhusu kila ushahidi, uwe ni petali au mfuatano wa DNA, kwamba unabeba historia ya nani: ya mmea wenyewe, ya aina ya maisha unayoishi, au ya mmea mwingine unaoutegemea.

Mmea usio na vitu vya kulinganisha

Mtaalamu anapotaka kujua familia ya mmea huanza na majani. Hutazama kama yamepangika kwa jozi au kwa kupishana, kama yana vijani vidogo kwenye tako la kikonyo, na jinsi mishipa inavyogawanyika. Baada ya hapo huangalia shina, utomvu, ukuni unavyoonekana kwa hadubini, kisha ua, chavua, tunda na mbegu. Kila sifa peke yake ni ushahidi dhaifu, lakini nyingi zikikubaliana hujenga hoja nzito.

Rafflesia imefuta sehemu kubwa ya orodha hiyo. Haina jani, haina shina, haina mzizi, na haifanyi usanisinuru. Mwili wake wote, isipokuwa ua, ni nyuzi nyembamba za seli zinazopenya ndani ya tishu za mmea mwenyeji, kiasi kwamba anayeziona kwa hadubini anaweza kudhani anatazama kuvu. Mwenyeji huyo siku zote ni mmea wa kutambaa wa jenasi Tetrastigma, katika familia ya mizabibu, Vitaceae. Kimelea hukaa humo bila kuonekana kwa nje, kisha chipukizi hupasua gome, hukua kwa miezi mingi, na mwishowe hufunguka kuwa ua linalonuka kama nyama iliyooza. Nzi wanaopenda mizoga huvutwa na harufu hiyo na kubeba chavua. Baada ya siku chache ua huoza.

Kwa hiyo kilichobaki cha kulinganisha ni ua peke yake, na ua hilo limebadilika mno. Ukubwa wake hauna mfano. Petali zake nene zimezunguka chumba kipana ambacho mdomo wake umefunikwa na utando wenye tundu katikati. Ovari iko chini ya sehemu nyingine za ua, na mayai madogo mno, kwa maelfu, yamejipanga kwenye kuta zake. Hakuna familia ya mimea ya kijani yenye ua wa namna hiyo, ambayo mtu angeweza kuielekeza kidole.

Kwa kukosa ndugu wa kijani, wataalamu wa karne ya 19 na ya 20 walifanya jambo lililokuwa la busara kwa ushahidi waliokuwa nao: waliikusanya Rafflesia pamoja na vimelea vingine vinavyoishi ndani kabisa ya mimea mingine na kujitokeza kwa maua tu. Ndivyo familia ya Rafflesiaceae ilivyofikia kuwa na makundi manne. La kwanza ni Rafflesia yenyewe pamoja na jenasi mbili zinazofanana nayo za Asia ya Kusini-Mashariki, Sapria na Rhizanthes, ambazo nazo huishi ndani ya Tetrastigma. La pili ni Cytinus na ndugu zake. Spishi maarufu zaidi hunyonya vichaka vya jenasi Cistus kandokando ya Bahari ya Mediterania, na nyingine ziko Afrika Kusini na Madagaska. La tatu ni Mitrastemon, anayeishi ndani ya mizizi ya miti ya familia ya mialoni katika Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki, na pia katika Amerika ya Kati. La nne ni Pilostyles na Apodanthes, ambao maua yao ya milimita chache tu hujitokeza kwenye matawi ya mwenyeji kama vipele. Spishi mojawapo ya Pilostyles hunyonya miti ya jamii ya mikunde katika misitu ya miombo barani Afrika.

Makundi haya yana mambo yanayofanana kwa kweli: yote yanaishi ndani ya mwenyeji, hayana majani ya kijani, na yana mayai mengi madogo kwenye kuta za ovari. Hata hivyo ishara za kutofautiana zilikuwepo tangu mwanzo kwa aliyetaka kuziona. Mitrastemon ana ovari iliyo juu, tofauti na ovari ya chini ya Rafflesia, na stameni zake zimeungana kuwa kofia inayovuliwa na pistili inapokua. Tomitaro Makino, Mjapani aliyemweleza kwa mara ya kwanza, alimpa familia yake mwenyewe, Mitrastemonaceae, mwaka 1911. Naona ni haki kulitaja jambo hili, kwa sababu lawama kwamba wachunguzi wa maumbile hawakuona kitu si ya kweli. Waliona, ila hawakuwa na njia ya kupima ni sifa zipi zilipaswa kupewa uzito.

Kuhusu mahali pa kundi zima kwenye mti wa mimea yenye maua, wakubwa wa uainishaji walitofautiana waziwazi. Armen Takhtajan aliliweka karibu na oda (kundi linalokusanya familia zenye undugu) ya Aristolochia, ndani ya ukoo wa kale wa magnolia. Arthur Cronquist, mwaka 1981, aliliweka baada ya oda ya misandali, ambayo nayo imejaa vimelea, ndani ya kundi la waridi. Kati ya sehemu hizo mbili kuna umbali mkubwa sana wa nasaba. Wataalamu wawili wenye ujuzi wanapotazama ua lilelile na kuliweka katika pembe mbili za mti zilizo mbalimbali hivyo, ni dalili kwamba sifa zinazotazamwa hazina habari ya kutosha kuhusu nasaba.

Sababu yake inaeleweka. Mmea ukishaacha kujitengenezea chakula, jani halina kazi, na jeni za kulijenga zinaweza kuharibika bila hasara. Mwili unaobaki huundwa na mahitaji ya maisha ya kimelea. Mimea miwili isiyo na undugu wowote, ikiingia katika maisha hayo, hupoteza vitu vilevile na kubaki na umbo lililokaribiana. Uchunguzi wa DNA ya mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, uliochapishwa mwaka 2007 na Todd Barkman na wenzake ulionyesha kwamba maisha ya kimelea yameanza mara 11 au zaidi, kila mara peke yake, miongoni mwa mimea yenye maua. Basi kukosa majani hakuwezi kuwa ushahidi wa undugu.

Jeni iliyozoeleka haikuwepo

Mtu angedhani kwamba ujio wa DNA ungemaliza ubishi mara moja. Haukumaliza, na sababu inatoka katika ukimelea uleule.

Kazi kubwa ya kwanza ya kupanga mimea yenye maua kwa DNA ilitegemea jeni ya kloroplasti, sehemu ya seli inayofanya usanisinuru, iitwayo rbcL, ambayo hutengeneza sehemu ya kimeng'enya kinachonasa hewa ya kaboni. Uchunguzi ulioongozwa na Mark Chase mwaka 1993 ulilinganisha mfuatano wa jeni hiyo katika spishi 499 za mimea yenye mbegu, na mti uliotokana nao ndio uliokuwa msingi wa uainishaji wa kikundi cha APG, muungano wa wataalamu wanaopanga mimea yenye maua, uliotoka mwaka 1998. Rafflesia haifanyi usanisinuru, kwa hiyo jeni iliyotumika kuipanga dunia yote ya mimea haikusomeka kwake. Mwaka 2014 Jeanmaire Molina na wenzake walitafuta jenomu (DNA yote) ya kloroplasti katika Rafflesia lagascae ya Ufilipino na hawakuipata kwa namna inayoeleweka, wakahitimisha kwamba huenda imepotea kabisa. Katika uainishaji wa APG wa mwaka 1998, na tena katika toleo la 2003, Rafflesiaceae ilibaki kwenye orodha ya familia zisizojulikana mahali pake.

Zilibaki jenomu mbili: ya kiini cha seli na ya mitokondria. Kwa upande wa kiini, jeni ya ribosomu iitwayo 18S ilisomwa mapema, lakini Daniel Nickrent na mwenzake walionyesha mwaka 1994 kwamba katika vimelea kamili, yaani visivyofanya usanisinuru, jeni hii hubadilika kwa kasi isiyo ya kawaida. Hilo lina madhara mazito. Njia za kujenga mti wa nasaba huhesabu mabadiliko yanayofanana. Koo mbili zinapobadilika haraka mno, baadhi ya nukleotidi (herufi za DNA) zao huwa zilezile kwa bahati tu, na programu ya kompyuta huweza kuzihesabu bahati hizo kama urithi wa pamoja, ikaunganisha matawi mawili marefu, yaani yenye mabadiliko mengi, yasiyo na undugu. Kosa hili lina ubaya wa pekee kwa kuwa halipungui kwa kuongeza data za aina ileile. Data zikizidi, kosa huzidi kuonekana kuwa la hakika.

Yaani mwishoni mwa karne ya 20 mtafiti wa Rafflesia alikuwa na hali hii mbele yake: jeni iliyo imara haikuwepo, na jeni iliyokuwepo haikuwa imara.

Mwaka 2004: jeni zinatofautiana

Mwaka 2004 zilitoka kazi tatu ambazo, kwa maoni yangu, ndizo kiini cha kisa hiki, ingawa ile ya 2007 iliyotoa jibu la mwisho ndiyo iliyopata sifa nyingi zaidi.

Barkman na wenzake, baadhi yao wakiwa watafiti wa Malaysia, walitumia jeni ya mitokondria iitwayo matR. Jeni za mitokondria ya mimea kwa kawaida hubadilika polepole, kwa hiyo matatizo ya matawi marefu hupungua. matR iliiweka Rafflesia kwa uthabiti katika oda ya Malpighiales. Oda hii ni pana na ya ajabu kwa utofauti wake: mikoko ya familia ya Rhizophoraceae imo humo, pasheni imo humo, na mhogo pia. Ilikuwa mara ya kwanza Rafflesia kupata ndugu wa kijani wenye majina.

Kazi ya pili, ya Nickrent na wenzake, ilichukua makundi yote manne ya familia ya zamani na kutazama kama yanakaa pamoja. Hayakukaa pamoja. Rafflesia na jenasi zake mbili zilielekea Malpighiales. Cytinus alielekea Malvales, oda ya pamba na mibuyu. Mitrastemon alielekea Ericales, oda ya chai. Pilostyles na Apodanthes walisitasita kati ya Malvales na Cucurbitales, oda ya maboga na matango, mpaka mwaka 2010 ambapo Natalia Filipowicz na Susanne Renner, kwa jeni za kiini na za mitokondria, waliwathibitisha katika Cucurbitales. Familia moja iliyokuwa katika vitabu kwa zaidi ya karne iligeuka kuwa koo nne katika oda nne tofauti, na kilichokuwa kimeziunganisha ni namna ya maisha tu. Makino alikuwa sahihi kumtenga Mitrastemon.

Kazi ya tatu ndiyo iliyoleta mshtuko. Charles Davis na Kenneth Wurdack walisoma jeni kadhaa za Rafflesiaceae kwa pamoja. Jeni ya matR ya mitokondria, pamoja na 18S na PHYC za kiini, ziliiweka familia katika Malpighiales, kama ilivyotazamiwa. Lakini sehemu nyingine ya mitokondria, introni (kipande cha DNA kisichotengeneza protini) iliyo ndani ya jeni ya nad1, iliiweka katikati ya familia ya mizabibu, karibu kabisa na Tetrastigma.

Hapa inafaa kutulia, kwa sababu mchambuzi anayepata matokeo kama haya ana njia tatu za kuyaeleza, na mbili kati yake ni za kawaida zaidi kuliko ile iliyokuja kukubalika.

Njia ya kwanza ni uchafuzi. Kimelea kinaishi ndani ya tishu za mwenyeji, hivyo ni rahisi kipande cha tishu ya mzabibu kuingia katika sampuli, na ile DNA inayosomwa ikawa ya Tetrastigma tupu. Shaka hii ni halali na ndiyo inayopaswa kuja kwanza. Hujaribiwa kwa kutazama mfuatano wenyewe. Kama ni uchafuzi, unapaswa kulingana na wa mwenyeji aliyebeba kimelea hicho. Kama ni sehemu halisi ya jenomu ya kimelea iliyoingia zamani, unapaswa kuwa umeshajikusanyia mabadiliko yake, na mabadiliko hayo yafuate undugu wa vimelea vyenyewe, si wa wenyeji wao. Sampuli za ua, zilizochukuliwa mbali na mshikano na mwenyeji, nazo hupunguza hatari.

Njia ya pili ni kwamba Rafflesia kweli ni ndugu wa mizabibu, na jeni nyingine tatu ndizo zinazodanganya. Lakini basi ingebidi jeni tatu, mbili za kiini na moja ya mitokondria, zenye kasi tofauti na kazi tofauti, zikosee zote kwa kuelekea oda ileile. Makosa ya bahati hayana desturi ya kukubaliana.

Njia ya tatu ni kwamba introni ile ilihama. Ilikuwa ya mzabibu, ikavuka kutoka tishu za mwenyeji kuingia mitokondria ya kimelea, na tangu hapo ikarithishwa kama mali ya nyumbani. Davis na Wurdack walihitimisha hivyo. Kitu cha kuazima kilichokutwa ndani ya nyumba hakithibitishi undugu na jirani. Kinathibitisha kwamba milango ya nyumba hizo mbili imekuwa wazi kwa muda mrefu. Seli za kimelea na za mwenyeji zimegusana kizazi baada ya kizazi kwa mamilioni ya miaka, na mitokondria ya mimea inajulikana kwa kupokea vipande vya DNA ya kigeni.

Ninachosisitiza ni kwamba mgongano huu haukuwa dosari ya kufichwa. Kama watafiti wangeunganisha jeni zote katika jedwali moja na kuiachia programu itoe mti mmoja, introni ingeweza kuvuta tawi upande wake, au kudhoofisha uthabiti wa jibu, na hakuna ambaye angejua sababu. Kila jeni ilijengewa mti wake kwanza, miti ikalinganishwa, na tofauti yenyewe ikawa ushahidi wa tukio la kibiolojia. Kwa vimelea hii si hiari. Anayechanganya jeni kabla ya kuziuliza moja moja anatafuta wastani wa historia mbili tofauti, na wastani huo si historia ya mmea wowote.

Kutoka oda hadi familia

Baada ya 2004 oda ilijulikana, lakini familia ya karibu bado haikujulikana. Davis na Wurdack walikuwa wamependekeza kwa tahadhari kwamba Rafflesiaceae huenda iko karibu na Ochnaceae au Clusiaceae. Pendekezo hilo halikudumu.

Shida ilikuwa kwamba Malpighiales ni oda iliyogawanyika haraka zamani sana, hivyo matawi yake ya ndani ni mafupi na magumu kutenganisha hata kwa mimea ya kijani isiyo na tatizo lolote. Ukichopeka kimelea chenye tawi refu katikati ya matawi mafupi kama hayo, kitatua popote penye nafasi, hasa kama ndugu yake wa kweli hayumo katika sampuli. Dawa yake ni kuwaongeza watu wa ukoo: kuleta wawakilishi wengi wa kila familia ya oda, ili tawi refu likatwe vipande vifupi na ndugu halisi, kama yupo, awepo mezani. Ndivyo Davis, Maribeth Latvis, Nickrent, Wurdack na David Baum walivyofanya katika kazi yao ya 2007, wakitumia data za mitokondria, za kiini, na za kloroplasti kwa mimea iliyokuwa nayo.

Rafflesiaceae ilitua ndani ya Euphorbiaceae. Ndiyo familia ya mhogo, mbarika, mpira na mnyaa.

Jibu hili lilishangaza kwa sababu moja ya kimaumbile. Euphorbiaceae wana maua madogo sana. Katika jenasi Euphorbia ua la kiume limepunguzwa kuwa stameni moja, na kile ambacho macho huona kama ua ni kikombe kilichokusanya maua mengi. Kwa kutumia mti wao, watafiti walikadiria kwamba kipenyo cha ua kilikua takriban mara 79 kwenye tawi linaloelekea Rafflesiaceae, katika muda wa takriban miaka milioni 46. Wenyewe walilitaja kuwa mojawapo ya mabadiliko makubwa zaidi ya ukubwa yaliyowahi kuripotiwa miongoni mwa viumbe wenye seli za kiini.

Kurudi kwenye ua

Hapa ndipo masimulizi ya jeni kuyashinda maumbile yanapoonekana kuwa finyu. Mti ulipopatikana, ua la Rafflesia halikuwekwa kando; lilianza kusomeka. Sifa isiyokuwa na maana bila mti hupata maana ukijua inapaswa kulinganishwa na nini.

Chukua jinsia ya maua. Maua ya Rafflesia ni ya kiume au ya kike. Kabla ya 2007 hiyo ilikuwa taarifa moja kati ya nyingi, kwani maua ya jinsia moja yametokea mara nyingi katika mimea. Lakini katika Euphorbiaceae maua ya jinsia moja ndiyo kawaida, kwa hiyo sasa inawezekana kulisoma jambo hilo kama urithi. Upande wa pili, Euphorbiaceae wa kawaida wana ovari yenye vyumba vitatu na yai moja tu katika kila chumba, na Rafflesia ina maelfu. Sifa hiyo inaendana na maisha ya kimelea, ambaye mbegu zake nyingi hazitampata mwenyeji, na kwa hiyo hutoa mbegu nyingi ndogo sana. Ni sifa hiyohiyo iliyokuwa imesaidia kuyakusanya makundi manne pamoja kimakosa. Sasa inaonekana kuwa matokeo ya shinikizo lilelile kwenye koo zisizohusiana.

Kazi iliyonivutia zaidi katika sehemu hii ni ile iliyochapishwa na Lachezar Nikolov na wenzake mwaka 2013, ambao walifuata ua tangu likiwa chipukizi dogo na kutazama ni jeni zipi za kujenga maua zinafanya kazi katika sehemu ipi. Rafflesia na Sapria zote zina chumba kikubwa chenye mdomo uliozibwa nusu na utando, na mtu yeyote angesema ni kiungo kimoja kilichorithiwa kutoka kwa babu mmoja. Ukuaji wake ulionyesha kwamba chumba hicho hujengwa kwa viungo tofauti katika jenasi hizo mbili. Hata ndani ya familia ndogo, kati ya ndugu wa damu, umbo linaloonekana kuwa lilelile linaweza kuwa na asili mbili. Hakuna mfuatano wa jeni ambao ungelionyesha hilo bila mtu kukaa na kukata chipukizi vipande vyembamba na kuvitazama.

Jina la familia

Matokeo ya 2007 yalizua suala la uainishaji ambalo si la sayansi tupu. Kanuni inayofuatwa leo ni kwamba familia inapaswa kuwa na babu mmoja pamoja na vizazi vyake vyote. Kama Rafflesiaceae imo ndani ya Euphorbiaceae, basi Euphorbiaceae bila Rafflesiaceae inakiuka kanuni hiyo. Njia mbili zilikuwepo. Ya kwanza ni kuifuta Rafflesiaceae na kuihesabu Rafflesia kuwa jenasi ya Euphorbiaceae. Ya pili ni kutazama ni tawi lipi la Euphorbiaceae liko nje ya muungano wa Rafflesia na Euphorbiaceae wengine, na kulipa tawi hilo jina lake.

Tawi hilo lilikuwa la jenasi Pera na ndugu zake. Kikundi cha APG, katika toleo la nne la mwaka 2016, kilichagua njia ya pili: Peraceae ikawa familia, Rafflesiaceae ikabaki, na Euphorbiaceae iliyopunguzwa ikawa dada yake. Naiona kuwa chaguo zuri. Familia hutumika na watu wengi zaidi ya wataalamu wa nasaba, na kuuweka mmea usio na jani wala shina katika familia inayotambulika kwa majani na utomvu wake kungefanya maelezo ya familia hiyo yasiwe na matumizi. Hata hivyo ni chaguo, na mti wenyewe haukulazimisha.

Jeni zilizohama zapata kazi nyingine

Tangu hapo wingi wa jeni zilizohama umeonekana kuwa mkubwa kuliko alivyotarajia mtu yeyote mwaka 2004. Zhenxiang Xi, Davis na wenzao waliripoti mwaka 2013 kwamba, kutegemea spishi, kati ya asilimia 24 na 41 ya mifuatano ya jeni za mitokondria waliyoichunguza katika Rafflesiaceae ina dalili za kutoka nje. Mwaka 2021 Liming Cai na wenzake walichapisha jenomu ya kiini ya Sapria himalayana: takriban asilimia 44 ya jeni ambazo mimea mingine huzihifadhi zimepotea, na angalau asilimia 1.2 ya zilizopo zimetoka kwa mimea mingine. Kwa mtu anayejenga mti wa Malpighiales, namba hizi ni onyo kwamba mitokondria ya Rafflesia haiwezi kutumiwa bila kuchujwa, jeni kwa jeni.

Lakini jeni hizohizo sasa zinaulizwa swali tofauti. Jeni iliyohama ina mti wake, na mahali inapokaa kwenye mti huo panaonyesha ilitoka ukoo gani. Nyingi hukaa karibu na Tetrastigma, mwenyeji wa leo. Zinapopatikana zinazokaa mahali pengine, mbali na Vitaceae, ni dalili kwamba mababu wa kimelea hiki waliwahi kugusana na wenyeji ambao vizazi vyao havibebi tena Rafflesia wala Sapria yoyote. Visukuku vya nyuzi laini zilizokaa ndani ya shina la mmea mwingine havitarajiwi kupatikana, kwa hiyo orodha ya wenyeji wa zamani inaandikwa kwa jeni zilezile ambazo mwaka 2004 zilitakiwa kwanza kutambuliwa na kutengwa, ili familia ya Rafflesia ijulikane.